Sura ya Machipuko

Miungu inachosha. Nasema hivyo kwa sababu nimeibeba mikononi maisha yangu yote, viungo viungo, miguu ya huyu na mikono ya yule, na sijapata kumwona hata mmoja anayejibeba mwenyewe. Kazi yangu katika kiwanda chetu cha kaure hapa Christianshavn, Denmark, ni kuunganisha. Udongo mweupe hukandamizwa ndani ya kalibu za jasi, mwili peke yake, kichwa peke yake, kila mkono peke yake, kisha vyote huletwa mezani kwangu, nami navikutanisha kwa uji wa udongo kabla havijakauka.

Ukitaka kujua siri za miungu, usimuulize mchungaji wala mwalimu, muulize mwunganishaji. Mwili wa Bakusi wetu ndio mwili wa Neptuni. Nikimpa zabibu anakuwa Majira ya Mavuno, nikimpa mkuki wa meno matatu anakuwa Bahari, na kitambi ni kile kile. Seresi, mama wa nafaka, nikimkumbatisha ngano ni Kiangazi. Nikimtia taji kichwani ni Nchi ya Denmark, na mabwana wakubwa humtazama mezani huku machozi yakiwalenga, wasijue kwamba mwezi uliopita alikuwa amekumbatia ngano.

Mmoja tu hakuwa na mwili wa kuazima, naye ni Machipuko. Bwana Ahlers, mkuu wa kiwanda, hupenda kuwasimulia wageni kwamba huyo ni Proserpina, binti Seresi. Alikuwa akichuma maua, mfalme wa kuzimu akampora. Mama akamtafuta dunia nzima, nchi ikakauka, mpaka miungu wakakubaliana msichana akae chini nusu ya mwaka na juu nusu ya mwaka, na ndiyo maana kila anapopanda juu majani huchipua. Mume wangu Laurids ndiye aliyemfinyanga wa kwanza. Aliyekalishwa juu ya pipa na kuvikwa shada la maua ya karatasi ili baba yake amtazame alikuwa Abelone wetu, mwenye miaka tisa. Baridi iliyofuata ndui ikamchukua. Seresi alirudishiwa mtoto nusu ya mwaka. Mimi sikurudishiwa hata Jumapili moja.

Tangu hapo kila agizo la majira manne, sanamu nne za kupamba meza za karamu, likija, na huja mara nyingi kwa kuwa matajiri hawachoki kuoana na kula, mimi ndiye ninayekibandika kichwa cha Abelone shingoni. Bodil, mpaka rangi wa meza ya nyuma, mwanamke mwenye mdomo lakini moyo mzuri, aliwahi kuniambia kuwa nina bahati.

"Sisi wengine tuliozika tunabaki na mikono mitupu," alisema. "Wewe bado unamshika."

"Njoo umshike wewe," nikamjibu, "mimi nikalale."

Hakunisemesha mpaka siku ya mshahara. Lakini nilimaanisha. Nilikuwa nimechoka na ile sura, na sikujua kwa nini. Mama hapaswi kuichoka sura ya mwanawe. Nilijiona kiumbe kibaya, nikaendelea kukoroga uji wangu wa udongo.

Lazima nieleze jambo moja la kazi yetu, la sivyo yaliyotokea hayataeleweka. Kalibu huchoka kama mtu. Jasi hunywa maji ya udongo kila siku, na mwisho kona zake hulegea, pua hutoka kama viazi. Ikifika hapo, Laurids huchukua kichwa kibichi, hukinoa kwa kijiti cha mfupa, hufungua kope, huchonga midomo, kisha hukitolea kalibu mpya. Kalibu hiyo nayo ikichoka, hufanya hivyo tena. Mimi naunganisha, yeye ananoa, tumekaa tukitazamana kwenye dirisha moja miaka yote ya ndoa yetu. Sanamu ya kwanza kabisa iliyotoka vizuri tanurini haiguswi. Huwekwa ndani ya kabati la Bwana Ahlers, na ufunguo hukaa kiunoni mwake.

Basi Bwana Ahlers akaja mezani kwetu siku moja, mkononi ana Machipuko aliyetoka kuchomwa.

"Laurids, mzee wangu," alisema, "huyu msichana amekuwa kama mkate uliolambwa na ng'ombe. Bwana mkubwa wa kisiwa cha Fyn anamwoza binti yake, na anataka majira manne mezani kama yale ya marehemu baba yake. Vunjeni kalibu hizi. Mtatoa mpya kwa zile sanamu za kabatini."

Laurids hakuinua kichwa. "Watatoka wadogo, bwana. Waliopita motoni wamekwisha kunywea. Tukiwatolea kalibu, na wapya nao wakinywea, utampelekea bwana wa Fyn vifaranga."

"Vifaranga vinne vilivyolingana. Meza haitajua."

"Nipe nafasi nimnoe huyu."

"Umemnoa miaka yote. Sasa unanoa hewa."

"Nipe mpaka Jumatatu."

Bwana Ahlers si mtu mbaya. Alimtazama mume wangu, akanitazama mimi, akakubali. Watu wote kiwandani walijua ile sura ni ya nani, na walitembea kando yake kwa heshima kama watu wapitao msibani. Heshima hiyo nayo ilinichosha.

Kwetu, kalibu iliyostaafu huvunjwa uani kwa nyundo na fundi aliyeitumia, ili isiibwe na wafinyanzi wengine, na vipande hufukia madimbwi ya njia ya mikokoteni. Nusu ya miungu ya Denmark imelala chini ya magurudumu yetu. Laurids hakuivunja. Aliifunga kwa aproni yake ya zamani yenye maji, akaiweka chini ya kiti chake na kukaa juu yake kama kuku.

Nyumbani, uji wa mkate na bia ukiwa mezani, nilishindwa kuvumilia.

"Ivunje, Laurids, yaishe."

"Una haraka gani?"

"Nimechoka. Mchungaji alimzika mara moja. Nyinyi kila mwezi mnaniletea kichwa chake kwenye sinia."

"Hunielewi."

"Ningekuelewa ungesema. Wewe unaongea na udongo, mimi napewa mgongo."

"Kula uji wako, Sidsel."

"Uji wangu nimeupika mwenyewe, nitaula ninapotaka."

Akala wake. Niliiangalia mikono yake, imekakamaa, kucha nyeupe ambazo hazijawahi kuwa na rangi ya kucha za watu. Nilimwonea huruma na nilitaka kumpiga na kijiko. Nilidhani ninajua kinachomsumbua. Nilidhani anamng'ang'ania mtoto, hataki kumwachia, na kwamba mimi ndiye mwenye moyo mgumu kati yetu.

Jumatatu ilipofika alikuwa amenoa kichwa kimoja kibichi, na wote tulikiri kilikuwa kizuri. Bodil alikuja kukitazama akasema angekuwa na uso ule angeolewa na nahodha. Hata Bwana Ahlers alikizungusha kwenye kiganja, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Mama Sidsel," akaniambia, na kunipa ufunguo, "nenda kanitolee yule wa kabatini nimlinganishe. Polepole tu, ana mikono myembamba."

Nilikwenda. Nyuma ya Saturni, yule mzee wa Majira ya Baridi anayeota moto huku amejifunika joho, alisimama Machipuko wa kwanza, vumbi mabegani. Nikamvuta, nikampangusa kwa pindo la sketi, nikamtazama.

Kidevu kilikuwa kimekwenda upande kidogo. Unyusi mmoja ulikuwa juu kuliko mwenzake, jinsi alivyokuwa akinitazama nikimwambia sukari imekwisha naye anajua haijaisha. Mdomo ulikuwa umebanwa, kwa sababu baba yake alikuwa amemkataza kucheka, na mtoto yule ukimkataza kucheka ndipo cheko lilipomjia mpaka puani. Lilikuwa pale. Lilikuwa limepita motoni likabaki pale pale, chini ya mng'ao mweupe, karibu litoke.

Nilikaa kwenye kiti cha Bwana Ahlers bila ruhusa. Mwanangu nilikuwa nimemsahau, na sikujua kwamba nimemsahau. Kwa maana huyu ndiye Abelone. Na kama huyu ndiye Abelone, yule niliyekuwa nikimbandika shingo kila mwezi, yule niliyemchoka nikajilaumu kwa kumchoka, alikuwa nani?

Nilirudi, nikamweka mezani kando ya kichwa kipya cha Laurids. Mtu hakuhitaji macho mazuri. Cha Laurids kilikuwa na nyusi zilizolingana, kidevu cha katikati, midomo laini iliyofumba vizuri. Msichana mzuri, asiye wa mtu yeyote.

Bwana Ahlers aliwapitishia macho mara mbili. "Kusema kweli mpya ni mzuri zaidi. Huyu wa zamani ana kiburi usoni." Akachungulia saa yake. "Harusi iko karibu. Tunaweza kufanya hivi: mkimtolea kalibu huyu mpya, basi wale wanne wa kabatini nawafunga kwenye majani makavu wanakwenda Fyn leo hii, na sisi tunaendelea na sura hii. Au mmtolee kalibu wa zamani, abaki, bwana wa Fyn asubiri vifaranga. Jasi iko pale. Chagueni wenyewe, mimi nina njaa."

Akaenda kula samaki wake wa chumvi na viazi. Ndivyo wakubwa wanavyokata mambo, kisha wanakwenda mezani.

"Wa kwanza aende Fyn," Laurids alisema papo hapo.

"Mtazame kwanza."

"Nimeshamwona."

"Hujamtazama. Tangu nimemleta umetazama ndoo."

Akachukua kitambaa chenye maji, akamfunika. Nikakiondoa. Akamfunika tena, na safari hii aliushika mkono wangu.

"Sidsel, nakuomba."

"Huyu wako ni nani, Laurids?"

"Ni Machipuko."

"Nimekuuliza ni nani."

"Si mtu," akasema. "Ndiyo maana namweza."

Kisha akasema mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima, akizungumza na ile ndoo ya jasi. Alisema baridi ile ya ndui, kabla hata udongo wa kaburi haujatulia, liliingia agizo, akaletewa vichwa vya kunoa. Kila akimaliza unyusi, mtoto anamtazama. Kila akifungua mdomo, mtoto anataka kucheka.

"Nikaushusha unyusi kidogo tu," alisema. "Kidogo hivi, unywele. Siku hiyo niliweza kula. Kalibu ilipochoka, nikakirekebisha kidevu. Nikaendelea hivyo."

"Ukamwondoa."

"Haba na haba."

"Mbele ya macho yangu. Mezani kwangu. Na mimi hukuniuliza."

"Ulikuwa unalia kila siku. Baadaye ukaacha. Nilidhani nimekusaidia."

Watu husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ni kweli, lakini wangetuambia pia kwamba wazazi wawili wanaweza kukaa meza moja na uchungu mmoja, kila mmoja anaujua kivyake, wasisalimiane. Nilikasirika. Nilimwita mwizi. Nilimwambia mfalme wa kuzimu angalau alikuja na farasi, watu wakasikia kishindo, lakini yeye alimchukua kwa kijiti cha mfupa huku ananiuliza kama nimeleta jibini. Alikuwa mzee ghafla, mwenye shingo nyembamba ndani ya kola.

"Ukimtolea kalibu yule wa zamani," akasema, "nami nitamwomba Bwana Ahlers anipe kazi ya kuchochea tanuri. Siwezi kukaa mbele yake tena. Utanisamehe au hutanisamehe, lakini siwezi."

"Kuchochea? Mgongo wako hauwezi hata kuni za jikoni kwetu."

"Basi hautaweza."

Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu. Mtoto aende Fyn akasimame kati ya mabakuli ya watu wasiomjua, watoto wao wamvunje siku moja wakifukuzana. Au abaki, na mume wangu abebe magogo ya tanuri mpaka yamwangushe, na sidhani yangengoja hata Krismasi. Nilitamani kuketi tu. Nilitamani mtu mwingine achague, mtu aliyelala vizuri. Mle ndani tulikuwa sisi wawili tu na Bodil, ambaye alikuwa akipaka waridi moja tangu tulipoanza kugombana na hakuwa amelimaliza.

Nikachukua bakuli. Nikamwaga maji, nikanyunyiza jasi juu yake kama unga wa uji, nikakoroga kwa mkono. Jasi haina subira: ukishaitia maji, ni kuitumia au kuitupa. Nikampaka Abelone mafuta ya sabuni usoni, polepole, kila mahali, kama nilivyokuwa nikimwosha Jumamosi naye anafumba macho. Halafu nikammwagia.

Laurids alifungua aproni yake. Akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti.

"Vaa aproni yako," nikamwambia.

"Sidsel, nimekwambia..."

"Nimesikia ulichoniambia, si kiziwi. Vaa. Huendi tanurini." Nikaenda upande wake wa meza, nikakishika kiti chake kile kizito, nikakiburuta mpaka chini ya dirisha dogo la uani, nikakielekeza ukutani. "Utakaa hapa. Utanipa mgongo, kama kawaida yako, ila sasa utanipa kwa ruhusa yangu. Wewe utamshughulikia Bakusi na Saturni na wanaume wote wenye ndevu. Huyu ni wangu."

"Nani atamnoa?"

"Mimi."

"Hujui kunoa."

"Nitajifunza. Hata kukuvumilia wewe nilijifunza."

Aliifuata ile aproni kitini, akaishika. Nilifikiri ataondoka, na jasi ilikuwa ikipata moto chini ya kiganja changu, inaganda. Kisha akaivaa. Akainama, akaitoa kalibu ya zamani ilipokuwa, akatoka nayo uani. Tulisikia nyundo. Aliporudi, mabega yalikuwa na vumbi jeupe, akaketi akielekea ukuta.

Bwana Ahlers alilalamika kidogo kuhusu vifaranga, akaandika barua ya maneno matamu, na bwana wa Fyn akasubiri. Kiwandani walisema tumeachana. Bodil aliniuliza kama kitandani pia tumegeuziana migongo. Nikamwambia kitandani tumegeuziana migongo tangu enzi za mfalme aliyepita, kwa sababu mgongo wa Laurids una joto. Akacheka, akatuletea kahawa ya mizizi ya chikori, kikombe kimoja huku na kimoja kule ukutani.

Kichwa cha kwanza kilipotoka katika kalibu mpya, nililia kwa namna ambayo sikuwa nimelia tangu miaka ile. Sikuficha. Nilimsikia Laurids nyuma yangu ameacha kukwaruza. Hakugeuka, na baadaye akaanza kukwaruza tena. Tukala mkate wetu, kila mtu na upande wake. Bado nilikuwa nimechoka, sikudanganyi, ila nilikuwa nimechoka kwa ajili ya mtu ninayemjua.

Shida ilikuwa mikono yangu. Kalibu inatoa sura, lakini udongo mbichi hubonyea unapotolewa, na ni fundi anayeurudisha mahali pake. Mikono yangu imezoea shingo na mabega. Nilihangaika na kile kijiti siku nzima, nikigusa huku panaharibika kule. Nilijua kuna mahali si sawa, sikujua ni wapi. Nilikiweka chini, nikakichukua, nikakiweka chini. Nilihisi hofu, maana nikiendelea hivi nami ningemwondoa, kwa ujinga tu, kama mwenzangu alivyomwondoa kwa makusudi.

Nadhani nilishusha pumzi. Laurids alikuwa na ndevu za Saturni mkononi, akaziweka chini. Bila kugeuka, akanyoosha mkono wake nyuma, kiganja kikiwa wazi.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikakiweka kile kichwa kibichi kiganjani mwake. Kidole gumba kikapita kwenye paji la uso, kikashuka kwenye unyusi ulioinuka, kikasita hapo, kikaendelea. Alikuwa akitazama ukuta.

"Pua umeiminya," alisema. "Yake haikuwa hivyo."

Kidole gumba kikafanya kitu kidogo sana, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi. Akanirudishia bila kugeuka, na pua ilikuwa ya Abelone.